Saa ya Masikio

Mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, na jina hilo hakulipata bure. Ukimuuliza saa fundi saa yule enzi zake, hakukujibu eti inakaribia saa nne. Alikupa saa pamoja na dakika zake, akakusubiri urekebishe saa yako mbele yake, na ukizembea alikushika mkono akairekebisha mwenyewe. Mtu gani yule!

Basi macho yakamwacha. Hayakumwacha kwa mara moja, yalimuaga taratibu. Kwanza skrubu ndogo zikawa ukungu, halafu mishale, halafu nyuso za watu. Alifunga karakana yake, kile chumba cha mbele cha nyumba, akahamia kwenye kiti cha sebuleni, mikono mapajani. Na yeye aliyekuwa akiulizwa na kila mpita njia, sasa ndiye aliyeuliza: "Saa ngapi?" Akijibiwa, anakaa kidogo, anauliza tena. Walimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa ukimmaliza.

Aliyeumia kuliko wote ni mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mwepesi, na tangu aolewe yeye na baba mkwe wake walikuwa hawaishiwi utani. Sasa alirusha maneno na hayakurudi. Juu ya hayo, mumewe alishampata kinyozi wa kukipanga kile chumba. Kinyozi angekuja Jumamosi kukiona, na vifaa vya Mzee vilishafungwa ndani ya sanduku.

"Baba mwenyewe amekubali," mumewe alisema.

"Amekubali au amekata tamaa?"

"Mke wangu, usinianze. Kile chumba kinajaa vumbi."

Hakumwanza. Lakini alijua moyoni kwamba siku sanduku lile litakapotoka mlangoni, Mzee Dakika atabaki jina tu, na hilo hakuwa tayari kuliona.

Wiki hiyohiyo, akiandaa somo, akafungua kamusi yake kubwa ya Kiingereza kutafuta asili ya neno "clock". Alisoma, akarudia kusoma, akafunga kamusi kwa kishindo mpaka walimu wenzake wakageuka. Jioni hakungoja hata kuvua viatu.

"Baba! Hivi unajua neno 'clock' maana yake nini?"

"Saa ya ukutani. Unanifanya mtoto wa darasa la kwanza?"

"Hiyo ni maana ya sasa. Asili yake ni kengele! Saa zao nyingi za kwanza hazikuwa na uso wala mishale. Zilikuwa mashine za kugonga kengele tu, watu wanasikia huko waliko, wanajua wakati umefika. Uso ulikuja baadaye, Baba. Ilianza kuwa kitu cha masikio."

Mzee akainua kidevu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Na hii ya mkononi? 'Watch'?"

"Hiyo imetoka kwenye kukesha na kulinda. Kama askari wa zamu."

"Alaa! Kumbe maisha yangu yote nimekuwa mlinzi na hakuna aliyenipa hata rungu!" Akacheka, kicheko kile cha zamani. "Sisi neno letu ni moja tu, saa, na linatutosha kwa yote. Sasa niambie, mwanangu. Ile saa kubwa niliyoachiwa na mteja asiyerudi, bado iko ukutani kule?"

Ilikuwepo, imejaa vumbi, pendulamu imesimama. Ilikuwa saa ya kengele, ya kugonga kila ifikapo saa kamili. Mwalimu aliishusha, akaiweka kwenye meza ya kazi, akafungua sanduku. Mzee akaanza kuipapasa tumbo.

Jamani, laiti ungeviona vile vidole! Vilipita juu ya magurudumu polepole, vikarudi, vikakaa. Alitaja kila kifaa alichotaka, akakipokea, akakigeuza mara moja kiganjani. Mwalimu alipojaribu kumshikia skrubu, alipigwa kofi dogo la mkono. "Usinisaidie! Nikikutaka nitakuita." Akasogea pembeni kwa furaha. Alikuwa amemheshimu mzee huyu miaka yote, lakini hakuwahi kujua kwamba ustadi wake ulikaa mbali hivi na macho. Kabla ya chakula cha usiku pendulamu ilikuwa inakwenda tika tika. Mwalimu akatega mishale kwa kutazama simu yake, akaiacha kengele ijihesabie kama ilivyotengenezwa, akalala kifua mbele.

Asubuhi mambo yakaharibika.

Mumewe alikuwa mezani anakunywa chai ya kuendea kazini, kengele ilipogonga. Mzee akahesabu kitandani, akakurupuka, akatokea mlangoni shati limefungwa upande.

"Saa saba! Mmeniacha nimelala mpaka saa saba? Na chakula cha mchana mmeshakula?"

Mwanawe akaweka kikombe chini. "Baba, ni saa moja asubuhi. Ndiyo kwanza tunakunywa chai."

Loo! Kumbe ndivyo. Mshale mfupi ulikuwa kwenye saba, na kengele ikagonga saba kama ilivyotengenezwa na wenyewe. Sisi sote tunaona saba tunasema saa moja, hatufikirii hata. Mzee aliifanya tafsiri hiyo maisha yake yote, lakini aliifanya kwa macho. Masikio yake hayakuwahi kufundishwa.

Akageuka, akarudi chumbani akipapasa ukuta. "Mwambie kinyozi aje," alisema, akafunga mlango.

Mwalimu alikwenda shuleni na hatia yake. Alifundisha ovyo siku nzima. Yeye ndiye aliyemletea mzee wa watu hadithi za kengele, na sasa amemuaibisha mbele ya mwanawe. Angekaa na kamusi yake akanyamaza, ingemgharimu nini?

Alipokaribia nyumbani akasikia kengele. Inagonga, inanyamaza, inagonga tena, haina mpango. Akakimbia. Mzee alikuwa karakanani, mlango wa saa wazi, kidole kimo ndani.

"Baba, usiivunje! Tafadhali!"

"Nani anaivunja? Naifundisha Kiswahili."

Akamshika mkono, akauelekeza kwenye kiwaya kidogo. "Humu ndani wanaishi wawili. Mishale ina njia yake, na kengele ina gurudumu lake la kuhesabia. Ukivuta hapa, kengele inaruka kwenda hesabu ya mbele, na mishale haina habari. Kwa mafundi huo ni ugonjwa. Nimeutibu mara nyingi. Leo nimeusababisha kwa makusudi." Akafunga mlango wa saa. "Nilikaa kitandani nikajionea aibu mpaka nikachoka. Halafu nikajiuliza, aliyekosea ni mimi au ni saa yenyewe?"

Mwalimu akambusu mzee mkono.

Kesho yake, Jumamosi, mumewe akaingia karakanani na kinyozi, mtu mnene mcheshi aliyeanza kupima ukuta kwa macho palepale atakapoweka kioo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Kengele ikagonga nne.

Mwanawe akatazama uso wa saa, akapumua. "Baba, mshale uko kwenye kumi na imegonga nne. Saa hii imekufa, tukubali."

"Sasa hivi ni saa ngapi, mwanangu?"

"Saa nne."

Kinyozi akapiga makofi, akacheka mpaka akashika tumbo. "Saa nne! Imesema saa nne! Maisha yangu yote nasoma kumi nasema nne, na sijawahi kujiuliza! Mzee, ninayo saa ya baba yangu, imesimama tangu azikwe. Nikuletee?" Akamgeukia mwana wa Mzee. "Na wewe bwana, chumba hiki kina mwenyewe. Mimi nitatafuta kwingine."

Mwana alibaki amesimama. Alitazama ile saa, akamtazama baba yake, macho yakamwiva. Kisha akapiga magoti, akafungua kamba ya sanduku alilokuwa amelifunga upya, akaanza kupanga vifaa mezani, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akivikuta akiwa mdogo.

"Baba," aliuliza bila kugeuka, vifaa vikikaribia kwisha sandukuni, "saa ngapi saa hizi?"

Mwalimu alitaka kumjibu, akaona kwamba mumewe amevaa saa mkononi. Akaufunga mdomo.

Mzee Dakika akainamisha kichwa, akaisikiliza pendulamu aliyokuwa akiihesabu tangu kengele igonge. "Saa nne na dakika kumi na tatu."

Mwanawe akatazama mkono wake. Kisha, taratibu, akairudisha saa yake nyuma dakika moja.