Mapipa ya Nana Afrakoma

Nsia hakuwa na mke, wala mjomba ofisini wa kumsemea. Hakuwa na jino la mbele, kwa hiyo akijaribu kupiga mluzi upepo ulitoka na sauti ikabaki. Hakuwa na koti la mvua. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya jioni, nacho panya walikuwa wamekionja pembeni. Lakini lililomnyima raha kuliko hayo yote ni kwamba hakuwa na mtaa.

Guta alikuwa nalo, pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la bati nyuma, na kazi yake ilikuwa kuzoa takataka za yeyote aliyemwita njiani. Leo huku, kesho kule, kama mbuzi aliyekata kamba. Mzoaji mwenye mtaa wake ni mtu mwingine kabisa. Watu wanamjua kwa jina, wanamwekea maji ya kunywa, na akiumwa wanamuulizia.

Basi ofisi ya usafi ya mji ikaleta mpango mpya. Kila nyumba ingepewa mapipa mawili yenye vifuniko: jeusi la maganda na mabaki ya chakula, yakaozeshwe yawe mboji ya wakulima wa mboga, na jekundu la chupa, makopo na plastiki. Bi Pokuaa, mkaguzi wa ofisi hiyo, alimwita Nsia.

"Nakujaribu na mtaa wa Dwenase," alimwambia. "Ijumaa napita. Nikikuta mapipa yako nje na taka zimetengwa, mtaa ni wako. Nikikuta mambo ni yale yale, namrudishia mzoaji wa zamani, Ntiamoah, na lori lake."

"Mama, hesabu kwamba yako nje."

"Mimi sihesabu vya mdomoni."

Siku ya kugawa mapipa Nsia hakungoja jua. Alianza na nyumba ya Nana Afrakoma, bibi mkubwa kuliko wote mtaani. Mlango ulikuwa umefungwa, kwani Nana alikuwa ameondoka na giza kwenda kuchimba mihogo yake. Nsia akayapanga mapipa pande mbili za mlango, jeusi huku, jekundu kule. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akayatazama, akaona yamependeza. Akaenda kuchukua mzigo mwingine.

Sasa, huku kwetu Asante, nyeusi na nyekundu zikikaa pamoja mlangoni hazina maana mbili. Ni msiba. Nsia alilijua hilo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Ila asubuhi ile kichwani mwake mlikuwa na mtaa tu, hamkubaki nafasi ya kitu kingine.

Aliporudi, alikuta turubai linafungwa. Viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa, wanaume wamejifunga vitambaa vyekundu vichwani, na Maame Dufie, jirani aliyekosana na Nana kwa sababu ya kinu cha kutwangia mihogo ya fufu, amekaa chini analia.

"Afrakoma, amka uchukue kinu chako. Nilisema ni changu kwa hasira tu."

Nsia alimshika mkono mzee mmoja aliyekuwa akipanga viti. "Mjomba, nani amefariki?"

"Huoni mlangoni? Taka unazijua, rangi huzijui?"

Nsia akatazama mlangoni. Jeusi huku, jekundu kule. Kabla hajafungua kinywa, Nana Afrakoma mwenyewe akatokea kwa njia ya nyuma, beseni la mihogo kichwani. Akalitua taratibu, akavuta kiti nyuma ya watu, akamgusa yule mzee.

"Tunamlilia nani?"

"Nana Afrakoma," mzee akajibu bila kugeuka.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali kama pilipili. Lakini nyumbani kwake hakuna aliyetoka na njaa."

"Endelea," Nana akasema.

Mzee akageuka kuona nani huyo mdadisi, akaanguka pamoja na kiti chake.

Watu walipokwisha kupiga kelele na kukimbia na kurudi na kumgusa mikono, Nana alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake. "Dufie, nimeamka. Kinu kiko wapi?"

Dufie akafuta machozi. "Kumbe ulikuwa unasikia."

"Mtaa mzima umesikia."

Kinu kilirudi kabla ya mchana, kimeoshwa. Nana akaulizia mwenye mapipa, na Nsia akapiga magoti kwenye vumbi.

"Ni mimi, Nana. Niue mara moja tuyamalize."

"Nikuue, halafu taka za msiba wangu azizoe nani?"

Walicheka. Lakini kicheko kilipokwisha, hakuna aliyetaka pipa mlangoni kwake. Waliyapokea, maana yalikuwa mazuri, kisha wakayaingiza ndani. Huyu akahifadhi maji, yule akatia unga wake wa mihogo. "Nijiitie kifo kwa ajili ya maganda ya ndizi?" walimuuliza. Ntiamoah naye alipita na lori lake, akapunguza mwendo ili asikike.

"Bwana mazishi, jeneza unauzaje?"

Alhamisi asubuhi Nsia alikwenda kwa Nana kuaga, maana ukaguzi ulikuwa kesho na hakuna pipa lililokuwa nje. Alimkuta amevaa nguo nyeupe tupu, shingo na mabega vimepakwa udongo mweupe, kama wafanyavyo walioponea chupuchupu. Mbele yake palikuwa na beseni la udongo uleule, mzito, umechanganywa na chokaa.

"Mimi nimekufa nikarudi," Nana akasema. "Na mapipa yangu yamerudi pamoja nami. Shika brashi."

Nsia akashika. Mapipa yalikuwa hayajakauka bado Dufie alipotoka nje na ya kwake.

"Paka na haya. Watu wasije wakasema sikufurahi umerudi."

Baada ya Dufie, nani angebaki? Nyumba isiyopaka ingekuwa nyumba iliyotaka Nana abaki kaburini. Kufikia alasiri mtaa ulikuwa mweupe mwanzo hadi mwisho, na Nsia naye mweupe hadi nyusi. Hapo ndipo alipokaa chini, akashika kichwa.

"Nana, sasa lipi la maganda, lipi la chupa?"

Dufie akachukua mkaa. Kwenye pipa moja akachora chupa, kwenye jingine kinu na mchi wake.

"Hicho ni kinu changu au chako?" Nana akauliza.

"Afrakoma, acha mambo ya zamani."

Ijumaa Bi Pokuaa alifika. Alitembea mtaa mzima akifunua vifuniko. Penye kinu alikuta maganda ya ndizi na ya mihogo, penye chupa alikuta chupa. Nsia alimfuata nyuma, akivirudishia.

"Nsia, ofisi ilikupa mapipa ya rangi gani?"

"Meusi na mekundu, Mama."

"Na haya?"

Nana ndiye aliyemjibu Bi Pokuaa, kutoka barazani. "Mwanangu, nawe ni mtoto wa hapa. Ya nyumbani kwako umeyaweka wapi?"

Bi Pokuaa alikitazama kifuniko alichoshika. "Nyuma ya jiko, Nana. Nimeyafunika gunia."

Kicheko kilichozuka kiliwatoa watu majumbani. Bi Pokuaa mwenyewe alicheka hadi akakaa. Kisha akasema rangi si yake kuibadili, ila wakazi wakimwandikia mkuu wa ofisi, mapipa yaliyobaki ghalani yanaweza kupakwa kabla ya kupelekwa mitaa mingine. Nsia akaletewa karatasi, maana kuandika alijua; cheti chake panya hawakukimaliza.

"Anza kwa kumuulizia afya," Nana akaamuru. "Halafu mwambie nimekufa mara moja, inatosha."

Nsia aliandika kwamba wakazi wanaomba kwa heshima. Mwisho akatia jina lake.

"Chini ya jina andika cheo," Bi Pokuaa akasema.

"Cheo gani, Mama?"

"Mzoaji wa mtaa wa Dwenase. Au huutaki?"

Kalamu ilisimama. Kisha ikaandika polepole, kwa herufi kubwa kuliko za barua yote.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, Dufie akaleta uji wa muhogo. Nsia aliupaka kwa kidole, akaikandamiza bahasha kwenye goti mpaka ikashika. Lori la Ntiamoah lilikuwa linapita kuelekea upande wa ofisini. Akalisimamisha, akanyoosha mkono wa kulia.

"Barua ya nani?" Ntiamoah akauliza.

"Ya mzoaji wa Dwenase."

"Ndiye nani huyo?"

"Wewe peleka tu, kaka. Ila usiichanganye na taka."

Ntiamoah akamtazama, akatikisa kichwa, akaitia bahasha ndani ya kofia yake, akavaa kofia, akaondoa lori.