Stakabadhi ya Jeshi Lililovunjwa

Kwa asubuhi ya nne mfululizo, fundi cherehani aliegemea kaunta ya kituo na stakabadhi yake ya kurudishiwa mashine. Tangu polisi wambebee cherehani kwa kosa la kuziba njia, alikuwa akishona sare za shule kwa mkono, na wateja walishaanza kumhama.

"Shikamoo, afande."

"Hakuna afande hapa," sajini alisema. "Afande alikufa na jeshi lake. Mimi ni mhudumu wa usalama."

Alikuwa sajini yule yule aliyeibeba cherehani, na kitambi chake kile kile. Serikali ililivunja jeshi la polisi Ijumaa kwa uonevu na rushwa. Jumatatu ikazindua Huduma ya Usalama, watu wale wale. Si mara ya kwanza. Bibi yake fundi alipigwa na askari wa gavana, mama yake akapigwa na askari wa uhuru, yeye akapata bahati ya kupigwa na polisi wa kisasa. Wote walivunjwa kwa hotuba nzuri. Kirungu peke yake ndicho hakijawahi kustaafu.

Sajini akaisukuma stakabadhi. "Hii ni ya jeshi lililovunjwa. Haitambuliki."

"Na cherehani yangu nyuma yako?"

"Mali ya Huduma. Tumerithi."

"Kumbe! Marehemu mmemrithi vyombo, ahadi zake mkazika naye?"

"Mama, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele hiyo hapo, mmeifunika gunia."

Foleni ikaangua kicheko. Sajini akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Kamanda anakagua saa nane, na beji mpya tumezibandika kwa gundi juu ya za zamani, zinadondoka tu. Tushonee mashati arobaini, uondoke na mashine yako."

Fundi akaketi kwenye cherehani yake, akafumua beji za zamani, akashona mpya. Mwenye zabuni alikuwa amebana kitambaa, beji zikatoka ndogo. Kila bega likabaki na alama ya ile ya kwanza, imeizunguka mpya kama kovu.

Alipomaliza shati la thelathini na nane akauliza, "Nitafute mkokoteni?"

"Aa, mama, wewe nawe! Njoo wiki ijayo. Hii tutaihitaji, jina likibadilishwa tena."

Fundi aliinama kama anayeokota uzi, akachomoa chini ya sindano kile kikasha cha chuma kinachobeba bobini na uzi wa chini, akakifumbata, akasimama.

"Na haya mawili?"

"Malizia mwenyewe, mhudumu. Kanyaga tu, inakwenda."

Alipopita nje ya dirisha alimwona sajini amekunja mikono ya shati, anakanyaga kwa bidii zote za mtumishi wa umma, sindano ikitoboa bega tundu baada ya tundu, wala beji haishiki.