Chai ya Mama Émérence

Kaka yangu Hilaire hakuwahi kuonja pombe, hata siku ya Noeli. Lakini kila akitoka kiwandani alipita mutaa wetu wa Shituru akiyumba, bega kwenye ukuta, mguu kwenye mutaro, vile baba yetu alivyoyumba mpaka kufa. Siku ya kumuzika baba, watani wake walimumiminia pombe kali ya lutuku juu ya kaburi, wakicheka. Padri asingekuwepo, ningewajaza udongo mudomoni.

Sasa Hilaire alitaka kumuoa Clémentine. Mama yake Clémentine, Mama Émérence, akasema wazi: "Mulevi, hapana."

Halafu akaleta dawa yake. Hilaire alale kwake, chumba cha nyuma, ufunguo ukae kwake mwenyewe, apewe bukari ya unga wa mahindi na chai tu mpaka pombe imutoke. Siku ya kumufungulia alichora mustari wa chaki uani, majirani wakajaa. Hilaire akaukanyaga kidogo, kisha akaenda kuangukia kuku.

Mama Émérence alinusa mudomo wake. Akanusa birika. Akapekua godoro, akapekua viatu. Hakuna kitu.

"Basi huyu iko na ugonjwa," akasema kwa hasira, akamuvuta mpaka hospitali, nami nikawafuata.

Munganga alimumulika machoni, akakuta mishipa imevimba huko ndani. Akauliza habari za baba, nikamuelezea vile alivyoyumba. Akasema ni uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, na siku ingine unaweza kuota kwenye uti wa mugongo. Ugonjwa wa nadra, muzazi anamupa mutoto. Ndugu wote waje kupimwa. Nilimujibu miye ninaona vizuri, aksanti.

Nilijua harusi imekufa. Lakini Mama Émérence alisema, "Nilikataa mulevi. Mugonjwa sikumukataa."

Hilaire alipasuliwa Lubumbashi, akarudi kipara, anatembea sawasawa. Shituru yote ikasema ni ile chai. Walioana, na wanawake wakaanza kumuletea Mama Émérence mabwana zao walevi. Hakukana sifa hata kidogo. Aliwanywesha chai mpaka wakaomba huruma.

Juzi, nikitoka bombani, nilipepesuka na ndoo ikamwagika. Majirani wakacheka.

"Angèle, na weye?"

Nikacheka nao, lakini niliogopa sana. Mama Émérence hakucheka, wala hakuninusa mudomo. Aliweka birika chini, akavaa viatu vyake vya kanisani.

"Shika mukono yangu," akasema. "Tunaenda kwa munganga."