Kamba ya Ukingo wa Pili

Chini ya daraja sauti ya mtu haisikiki. Magari yananguruma juu, mto unanguruma chini, kwa hiyo sisi wapaka rangi tunazungumza kwa kamba. Ukivuta mara moja, nipo. Mara mbili, nipandishe.

Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye hunishikia kamba juu, nami naning'inia kwenye ubao na brashi yangu.

"Mto huu hauna haya," hupenda kusema. "Unapita katikati ya mji mzima na hausalimii mtu."

Kamba ya mumewe, baba mdogo, bado ilikuwa imefungwa kwenye ukingo wa pili wa daraja. Ubao wake ulipokatika mto ulimchukua, hakupatikana, na mama mdogo akakataza kamba isiguswe. Mafundi wenzetu waliipita kwa mbali, kama kaburi.

Asubuhi moja msimamizi aliagiza kamba zote kuukuu ziondolewe. Mama mdogo aliniletea kisu mwenyewe.

"Ikate wewe, mwanangu. Mimi mkono utakataa."

"Nikishindwa?"

"Mkaidi kama wewe ushindwe na kamba?" Alicheka kidogo, macho yakiwa mtoni.

Ukungu ulikuwa umefunika maji. Nikapiga magoti, nikaishika kamba. Ilikuwa kavu, nyepesi.

Ikavutwa. Mara moja.

Nikajiambia ni mkondo. Lakini siku za jua niliiona ncha yake ikining'inia juu, mbali na maji. Na kabla sijafikiri, mkono wangu, kwa mazoea ya kazi, ukajibu: nipo.

Ikavutwa tena. Mara mbili, taratibu, kama mtu aliyengoja zamu yake kwa adabu.

"Mbona umetulia?" mama mdogo aliuliza nyuma yangu. "Imevutwa?"

Ningesema ndiyo, angevuta mpaka mikono ichubuke. Na kama asingeona kitu, angemfuata mumewe huko huko mtoni.

"Upepo tu, mama."

Nikakata. Sikusikia chochote kikianguka majini.

Mama mdogo akafuta uso kwa kanga, akashika kamba yangu. "Haya, shuka. Rangi haitungoji."

Nikashuka hadi ukungu ukanifika kifuani. Nikavuta: nipo. Akajibu.

Kisha ncha ya kamba yangu, ile inayobaki kuning'inia chini ya ubao, ikavutwa mara mbili. Haukuwa mkono wangu.

Juu, mama mdogo alianza kuvuta. Ubao ukapanda polepole, ukilalia upande mmoja, mzito kama umebeba watu wawili.