Kiungo Korofi

Mnyapara hakuhitaji nguvu. Aliishika nati kwa vidole viwili, akaizungusha, ikatoka kirahisi kama kifuniko cha chupa. Akaitupa kwenye kokoto.

"Mnaona?" alisema. "Viungo vyote vya mstari huu nikivikaza vinatulia. Hiki cha kwenye kona, nikikikaza leo, baada ya siku chache kinacheza kama jino la mtoto. Kimenizeesha, jamani. Leo tunakizika."

"Tukilie, mzee?" kibarua mmoja aliuliza.

"Lieni nyinyi. Mimi nakunywa chai."

Vibarua wakaangua kicheko. Cheche alitabasamu tu, kichwa chini, akaendelea kukoroga mchanga wake mbichi. Jina hilo alilipata kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, wala si kwa ulimi, kwani ulimi wake ulikuwa mzito wa kusema. Marehemu baba yake alifanya kazi kwenye mstari huohuo, akitembea na spana begani kukaza viungo vya reli fupifupi. Sasa binti yake alikuwa anavimaliza. Reli chakavu zilikuwa zikitolewa, na mahali pake zinalazwa reli ndefu, ncha kwa ncha, zinachomelewa zikawa chuma kimoja.

Alifunga kalibu ya kumiminia chuma kwenye pengo kati ya ncha mbili, akaziba kila ufa kwa mchanga, akaweka juu yake chungu chenye unga wa chuma. Alipouwasha, moto ulinguruma, ukawa mweupe, na chuma kikashuka pengoni kizito kama uji. Kilipoganda, wakakata mabaki, naye akapiga magoti na mashine yake akasaga, akapapasa, akasaga tena, mpaka kiganja chake kikashindwa kujua reli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Mnyapara alilaza rula ya chuma juu yake, akachungulia kama mwanga unapenya. Haukupenya.

"Baba yako angevua kofia," alisema.

Cheche aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani.

Nyumba yao ilikuwa chini ya tuta la reli, mahali ambapo kinjia kilipanda, kikakatiza mstari, kikashuka upande wa pili hadi kwa mama mkubwa, dada yake mama. Macho ya mama yalikuwa yamebakiwa na mwanga na vivuli tu. Hata hivyo, kila asubuhi alivuka peke yake, fimbo mkononi na chupa ya chai kwapani, akaenda kupiga soga na dada yake aliyelemaa miguu. Baina yao walikuwa na jozi moja ya macho na jozi moja ya miguu, na mama mkubwa alipenda kusema kwamba hiyo inatosha mtu mzima mmoja, tena mrembo.

Kaka, aliyeishi mjini, hakuwa akicheka. Alikwisha kumwambia Cheche kwenye simu, "Siku mama akishindwa kuvuka mwenyewe, usinifiche. Nakuja kumchukua." Chumba chake kilikuwa tayari, ghorofa ya tatu. Mama alipoambiwa aliuliza swali moja tu: huko juu atakuwa anamtembelea nani.

"Mmefika wapi na reli zenu?" mama aliuliza jioni hiyo, akichambua mchele kwa vidole.

"Tumemaliza kona, mama. Kile kiungo kibovu nimekichomelea mimi mwenyewe. Treni itapita pale kama inateleza kwenye mafuta."

Vidole vya mama vilisimama ndani ya ungo. "Hongera, mwanangu," alisema baadaye, na vidole vikaanza tena, polepole.

Kesho yake asubuhi, mstari ulipofunguliwa, Cheche alikuwa anafunga viatu vyake mlangoni. Mama alikuwa amefika juu ya tuta, amesimama, ametega sikio. Kulikuwa shwari. Akanyanyua mguu.

Cheche aliona kichwa cha treni kikitokeza kwenye kona. Hakikunguruma wala hakikugonga popote. Kilikuwa kinashuka mteremko na mabehewa yake yote ya mizigo, kimya, kama paka anayeingia jikoni.

"Mama! Rudi!"

Hakujua kwamba alikuwa na sauti kubwa namna ile. Mama alirudi nyuma, akajikwaa, akakaa kitako kwenye kokoto. Treni ikapita mbele ya magoti yake, na upepo wake ukampeperushia mtandio usoni.

Cheche alipomfikia, mama alikuwa anaipapasa chupa ya chai kuona kama imepasuka.

"Umenipigia kelele kama mtu anayefukuza mbuzi," alisema.

"Mbona ulitaka kuvuka, mama? Hukusikia?"

"Nilikuwa nasubiri kugonga kwa pale konani. Kukigonga, nasimama. Kusipogonga, napita. Zile zinazopanda zinalalama tangu mbali, hazina shida. Hizi zinazoshuka ndizo zinazofunga mdomo. Kwa nini unadhani kiungo kile hakikuwa kinakaa kimekazwa?"

Cheche akamwangalia.

"Baba yako alikilegeza macho yangu yalipoanza kufifia. Nusu mzunguko tu, kipate kusema. Alipokaribia kufa akanipeleka pale, akanishika mkono juu ya nati, akanifundisha. Spana yake iko chini ya kitanda."

"Mama! Mnyapara amekonda kwa ajili ya kiungo kile!"

"Namsikia kila wiki akitukana. Namwonea huruma."

Cheche alitaka kucheka, lakini kilichomtoka ni kilio. Kazi aliyoisifu jana, kazi aliyoisaga kwa magoti yake, ndiyo iliyomziba mama masikio. Alijua atakachojibiwa na mnyapara akiomba dereva apige honi hapa: hii si njia rasmi, ni mazoea yenu. Akatoa simu mfukoni, akalitafuta jina la kaka.

Mama alisikia kidole kikigusa kioo. "Mpigie. Sikukatazi. Lakini kwanza nionyeshe kazi yako."

"Iko kule konani, mama."

"Si umesema ni chuma kimoja? Basi iko na hapa."

Akavua ndala, akaulaza wayo wake mtupu juu ya reli. Akakaa hivyo, uso umeelekea kona asiyoiona. Cheche alisubiri, simu mkononi. Muda ukapita, kioo kikazima chenyewe.

"Inakuja nyingine," mama alisema.

Cheche hakusikia kitu. Kona ilikuwa tupu. Akachutama, akaweka kiganja. Chuma kilikuwa baridi, kimya. Halafu, chini kabisa ya ubaridi ule, kitu kikaanza kutekenya ngozi yake, chembamba kama mlio wa mbu.

"Zamani nilijaribu," mama alisema. "Mguu ulikuwa hauoni chochote, mpaka treni iwe imefika mlangoni. Kila kiungo kilikuwa kinanikatia habari. Sasa inakuja moja kwa moja."

Wakasogea nyuma. Ilichukua muda mrefu treni kutokea konani, mrefu kuliko alivyodhani Cheche. Ilipopita, mama akarudi kwenye reli, akaupandisha mguu, akasikiliza na wayo wake. Akavaa ndala, akaiweka chupa kwapani. Cheche alinyoosha mkono kumshika kiwiko. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha, akauweka juu ya reli.

Mama akavuka, taratibu, akipapasa kwa fimbo mataruma yaliyobeba reli. Chini ya kiganja cha Cheche chuma kilikuwa kimetulia. Aliendelea kukishika hata baada ya ndala kuacha kulia kwenye kokoto za upande wa pili.

"Toa mkono huo, uende kazini," sauti ya mama ilisema kutoka bondeni. "Umechelewa."

Cheche hakuutoa upesi.