Wiki Aliyougua Sindano

Kwenye ile karakana ya kushona sare za shule, kila Jumamosi baada ya kufagia vipande vya vitambaa, mafundi wanne waliizunguka meza ya kukatia wakaambiana ukweli. Sheria ilikuwa moja: anayeambiwa hajibu, anasema asante. Aliyeuleta utaratibu huo ni Sindano, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya cherehani.

Kusema kweli, Sindano aliupenda kuliko mshahara. Mpiga pasi alishaambiwa ananuka kikwapa. Mkataji, mama mtaratibu asiyeinua sauti hata akijikata, aliambiwa mbele ya wote kwamba mumewe alimkimbia kwa uzembe wake. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," Sindano akamalizia, na mwenzake akameza mate, akasema asante.

Jumamosi hiyo bosi mwenyewe alikaa nao. Macho yake yalikuwa yamechoka, alitaka msimamizi, na alisema atamchagua kwa yale atakayoyasikia mezani. Sindano aliutamani usimamizi huo tangu cherehani zilipokuwa za kukanyaga. Akaomba aanze kuambiwa yeye.

Mpiga pasi akasema ana bidii. Wifi yake, mke wa kaka yake ambaye kazi hiyo alitafutiwa na Sindano, akasema ana mkono mwepesi. Sindano akatabasamu, akajiweka sawa kwenye kiti. Zamu ikafika kwa mkataji.

"Dada, ile wiki uliyougua," alisema akiangalia vidole vyake, "tulicheka sana humu ndani. Uliporudi tukanyamaza. Nimeona ni vizuri ujue."

Ilibaki kusema asante tu. Lakini mkuki kwa nguruwe.

"Wewe! Wewe unayekata mikono ya shati, mmoja wa mtoto, mmoja wa baba yake! Wewe ambaye hata mume..."

Hapo akaisikia sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyemzuia wala aliyeshangaa. Waliinamisha vichwa tu kama watu waliokwisha kuizoea mvua. Bosi alikuwa anaangalia dirishani. Aibu ikampanda Sindano mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka walivyokuja kumwona kitandani na machungwa yao, na yeye akawaambia kwamba bila yeye kazi lazima imelala. Walimwitikia, "Ndiyo, dada, imelala."

"Usimamizi mpe yeye, bosi," alisema mwishowe, akimwonyesha mkataji kwa kidevu kwa sababu macho yalikataa kuinuka. Kisha akamgeukia wifi yake. Wa nyumbani hawezi kumficha.

"Mlikuwa mnanicheka nini, wifi? Niambie tu. Safari hii sijibu."

Wifi alijifuta machozi kwa kiganja.

"Hatukukucheka wewe, wifi. Tulikuwa tunacheka tu."