Kitabu cha Baba Chafungiwa

Kamati ya kuwachagulia riwaya wanafunzi wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne ilikuwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na tabia ya kusoma riwaya. Wao walizikagua. Mwalimu wa malezi alipekua kurasa akiwinda mabusu. Mwalimu wa hesabu aliwasaka watoto wanaojibizana na wakubwa. Mwenyekiti, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Maadili, naye akalipenda, alisoma ukurasa wa mwisho tu: mhusika mbaya akiwa hajaadhibiwa, kitabu kinatupwa kwenye kabati la chuma. Kilichopona kiligongwa muhuri wa KINAPENDEKEZWA, kikawekwa rafu ya mbele ya maktaba kukusanya vumbi.

Vile vya kabatini, na mtu asiniulize vilitokaje, vilizunguka madarasani hadi vikapoteza majalada.

Maadili mwenyewe alikuwa ameandika riwaya. Ilihusu mtoto anayeamka mapema. Aliichapisha kwa gharama zake, akaipendekeza yeye, akaigonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe. Maboksi ya nakala zilizododa yalikuwa sebuleni, yamefunikwa kitambaa, wageni wakiyakalia. Hilo angelimeza. Kilichomkata maini ni binti yake wa pekee, msomaji wa kusoma hata akitembea, ambaye alimaliza kila kitabu kilichofungiwa, lakini cha baba yake kikamshinda ukurasa wa nne.

"Nitakimalizia, baba," alisema kila alipoulizwa, kwa sauti ile ile ya kuahidi kuosha vyombo.

Basi siku moja kikaoni Maadili akakohoa, akasema, "Kuna hiki changu. Naona tukifungie."

"Chako?" mwalimu wa malezi akashtuka. "Kina nini?"

"Kina mambo."

Wakaanza kuyatafuta hayo mambo. Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, kitabu kikasomwa chote. Mwalimu wa hesabu alisinzia, akatikiswa bega, akaendelea kama mtu anayemeza dawa chungu. Jasho liliwatoka. Walikuwa wamewahi kufungia vitabu kwa sababu ya paka mwenye kiburi, lakini hapa hata paka alikuwa na adabu.

"Mwenyekiti," hatimaye mwalimu wa malezi akasema kinyonge, "hapa mtoto anapiga chafya bila kuziba mdomo."

"Hapo hapo!" Maadili akadakia.

Kesho yake asubuhi marufuku ikatangazwa mstarini mbele ya shule nzima. Jioni Maadili alikuta boksi moja limepasuliwa na mlango wa chumba cha binti yake umefungwa. Akavua viatu, akanyata koridoni, akatega sikio. Ukurasa ukafunuliwa. Kimya. Ukurasa mwingine. Chakula kilipoa mezani, binti hakutoka, na baba mtu akasimama pale, viatu mkononi, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Kwa hilo simcheki. Alikuwa akimpenda mwanawe na hakuwa na njia nyingine ya kuingia chumbani mwake.

Mlango ukafunguka.

"Umekimaliza?" akauliza, viatu akivificha mgongoni.

"Nimekimaliza, baba."

"Enhe?"

"Kwani mlikifungia kwa nini?"

Maadili akalikwepa swali. "Wewe umeonaje?"

Binti akakigeuzageuza kile kitabu mikononi. "Mlipotangaza, nilifurahi mno. Nikasema, kumbe baba naye ana lake. Kumbe naye aliwahi kukosea, akaogopa, akadanganya, kitu chochote. Nikasoma taratibu nisikupite. Nimekutafuta mpaka mwisho, baba. Sikukuona popote."

Kisha akakirudisha kitabu kwenye boksi na kutandaza kitambaa juu yake, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa.